Gitaa nililojiundia na masikio nisiyoyaamini

Nilichomeka kwenye amplifaya waya wa gitaa la umeme nililoliunda mwenyewe kutoka kwenye seti ya vipande, nikafungua sauti kidogo, ikaanza ile ngurumo ya mmmmm ambayo kila mtu aliyewahi kuunga waya anaijua na anaiogopa. Nikaweka kiganja juu ya nyuzi. Kimya. Nikatoa mkono, ngurumo. Nikarudisha, kimya. Yani ule waya wa ethi niliopitisha chini ya briji, kile chuma kinachobeba nyuzi kwenye bodi, ulikuwa umeshika, nyuzi zote sita zimeungana na ethi kupitia chuma cha briji, ndo maana ukizigusa mvumo unanywea.

Afu nikapiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja), E kubwa, nikaiacha ilie mpaka ikafa yenyewe.

"Zuri!" nikasema kwa sauti, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Sasa hiyo "zuri" ndo imenikaa kichwani wiki zote hizi. Gitaa lenyewe halina neno, ila jinsi nilivyolisifia haraka vile, kabla sijatyuni vizuri, kabla sijagusa freti za juu (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye shingo), kabla sijasikiliza chochote kiukweli, hapo ndo pananisumbua. Nilisema zuri kwa sababu linalia vizuri? Au kwa sababu nimelipiga msasa mwenyewe, nimelipaka mwenyewe, nimelifunga skrubu moja moja, na muda ule vidole vilikuwa bado vinanuka vanishi?

Sikuwa na jibu. Na nilitaka jibu.

## Nyani haoni kundule

Mwaka 2012 watafiti watatu, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, walichapisha utafiti wakaubatiza jina la IKEA, wale wa fanicha unazonunua zikiwa vipande ukafunge mwenyewe nyumbani. Moja ya majaribio yao ilikuwa kuwapa watu karatasi wakunje maumbo ya origami, halafu wanaulizwa wako tayari kutoa shilingi ngapi wakinunue walichokunja. Watu wakataja hela inayokaribia ile ambayo wengine wangetoa kwa origami za wataalamu. Walioonyeshwa kazi zile zile lakini hawakuzikunja wao, waliona karatasi iliyofinyangwa basi.

Mi hapo nina origami yenye nyuzi sita.

Kinachouma kwenye ule utafiti ni kwamba wale watu hawakuwa wanadanganya. Hakuna aliyejifanya. Walikuwa wanaona uzuri kweli kweli, na ukimwambia mtu wa hivyo kwamba anajipendelea atakushangaa, kama ambavyo ningekushangaa wewe usiku ule ungeingia chumbani ukaniambia mbona linavuma tu. Kwa hiyo kujiuliza "je, nalipenda?" hakusaidii chochote. Nalipenda, hilo halina mjadala. Swali ni nitapata wapi shahidi ambaye si mimi.

## Rangi, yani starehe

Nikianza kurudisha mambo nyuma, naona muda mwingi kuliko wote uliishia kwenye bodi. Na ndo sehemu niliyoifurahia zaidi, sitaki kudanganya.

Bodi ilikuja mbao tupu, basiwudi, nyepesi, laini kiasi kwamba kucha ikikandamiza inaacha alama. Unaanza msasa namba 120 kama kuna mikwaruzo ya mashine, 180, 240, unafuata mistari ya mbao na sio kuikata. Halafu kuna ile hatua wengi wanairuka: unachukua kitambaa chenye maji kidogo unaifuta bodi nzima. Mbao inakunywa, vinyweleo vyake vinasimama, ikikauka ukipitisha kiganja unakuta uso uliokuwa laini umekuwa na ukwaru. Unapiga 320 taratibu vinakatika. Usipofanya hivyo sasa, vitasimama siku unapaka rangi ya maji, na hapo ukipiga msasa unaondoka na rangi.

Hicho kitambaa cha maji kina kazi nyingine pia. Pale vipande vya bodi vilipoungana, karibu na tundu la shingo, palikuwa na doa la gundi ambalo kwenye mbao kavu halionekani hata kidogo. Maji yalipopita, mbao yote ikaiva, likabaki doa limepauka la ukubwa wa kidole gumba. Gundi hainywi. Ungepaka rangi juu yake lingebaki hivyo hivyo maisha. Nikazima taa ya juu, nikaweka taa ya mezani pembeni, chini kabisa usawa wa bodi, mwanga ukawa unapita juu ya mbao kwa mlalo, na hapo ndo unaona kila kitu: doa, mikwaruzo ya duara, mabonde ambayo kiganja kilishayapitisha.

Rangi ya kupuliza niliiwaza nikaiacha. Vanishi ya nitroselulosi ni nzuri ila ina mvuke mkali, inataka hewa, inataka barakoa ya maana, na hata ikionekana imekauka inaendelea kujikaza wiki kadhaa, ukiiwahi kuisugua inakusuta. Nikaenda na vanishi ya mafuta ya kupaka kwa kitambaa, tabaka jembamba, unasubiri, msasa mwepesi, tabaka lingine. (Vitambaa vya mafuta usivikunje ukatupa kwenye ndoo, jamani. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalihifadhi hilo joto mpaka kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje, kimoja kimoja, vikauke.)

Sasa jiulize, kazi yote hiyo imeongeza nini kwenye sauti?

Kidogo sana. Sitaki ugomvi wa mbao hapa, najua kuna watu wanaweza kukesha, ila gitaa la umeme la kwanza kuingia sokoni, lile la Rickenbacker la 1932, bodi yake ilikuwa alumini. Pikapu inasoma mtikisiko wa chuma cha uzi mbele ya sumaku. Rangi ya bluu haiisomi.

Na bado macho yanaingia. Mpiga gitaa Les Paul, karibu na mwaka 1940, alitengeneza gitaa kwenye gogo la msonobari la inchi nne kwa nne, gogo kabisa, akalifunga shingo na pikapu. Alisimulia mwenyewe kwamba watu hawakulichangamkia mpaka alipokata gitaa la kawaida katikati akabandika zile nusu mbili pembeni mwa gogo ili lifanane na gitaa. Gogo ni lile lile, pikapu zile zile. Watu ndo waliobadilika.

Kwa hiyo nikajua rangi haiwezi kuwa shahidi wangu. Rangi ndo wakili wa upande wangu.

## Kabla ya kutoboa

Kuna sehemu moja tu kwenye hii kazi yote ambapo nilisimama nikaweka kekee chini nikaondoka nikalale.

Seti yangu ilikuja matundu ya briji hayajatobolewa. Kingine chote ukikosea una njia ya kurudi, msasa upo, solda inayeyuka, skrubu inatoka. Tundu la briji likikaa pembeni, ndo limekaa.

Hesabu yenyewe haina makuu. Urefu wa uzi kwenye gitaa za staili hii ni 648 mm, toka nati, kile kipande chenye mifereji sita juu ya freti ya kwanza, mpaka pale uzi unapolala kwenye briji. Freti ya 12 inakaa nusu kamili, 324. Freti zenyewe zimepangwa kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817, ukipiga hiyo unapata freti ya kwanza iko kama 36.4 mm toka nati, afu unagawa kilichobaki tena, na tena. Hilo kiwanda kimeshalifanya. Ila hesabu hiyo yote inategemea mwisho mmoja wa uzi ambao unauweka wewe, na rula na penseli, jikoni.

Na kuna kitu rula haikuambii. Ukikandamiza uzi unauvuta kidogo, noti inapanda. Kwa hiyo kila uzi unataka urefu wa ziada, na nyuzi nene zinataka zaidi kuliko nyembamba. Ndo maana vile vyuma sita vinavyobeba nyuzi kwenye briji vina skrubu za kuvisogeza. Ukiweka briji, chuma cha uzi mwembamba unakileta karibu na mwisho wa mbele, hapo kwenye 648, ili vyote vibaki na nafasi ya kurudi nyuma. Ukiviacha katikati unaweza kujikuta umekwama.

Upande kwa upande ndo shughuli zaidi. Nilifunga shingo kwanza, nikachukua uzi wa kushonea, nikaufunga kwenye vyuma vya kutyunia vya nje kushoto na kulia, nikaushusha juu ya shingo mpaka kwenye briji iliyoshikwa na utepe wa karatasi wenye gundi. Unaangalia uzi unaachia nafasi gani kwenye ukingo wa shingo pande zote mbili kule freti za mwisho. Nilikuwa na nafasi nyembamba upande wa uzi wa kwanza. Nikasogeza briji kama unene wa kadi ya benki. Nikaangalia. Nikarudisha nusu. Nikaangalia tena.

Pale, nimeinama jicho moja limefumba, ndo nilianza kugundua kitu ambacho sikukielewa mpaka baadaye kabisa: uzi wa kushonea haukujali kwamba bodi yangu ni nzuri. Ulikuwa umenyooka, ukaniambia nafasi ni hii.

Nikatoboa asubuhi yake.

## Freti hazina huruma

Kama unataka kujua ukweli kuhusu gitaa lako usimuulize mtu, iulize freti.

Nyoosha shingo kwanza kwa ile nondo ya ndani. Kisha chukua kitu kifupi kilichonyooka, hata ukingo wa kadi ngumu, kiweke juu ya freti tatu kwa pamoja. Kikitulia, sawa. Kikicheza, tik tik, freti ya katikati imenyanyuka. Ni kasauti kadogo sana, unahitaji chumba kimetulia, ila ukishakasikia hukasahau. Nilizunguka shingo nzima hivyo, upande wa nyuzi nene na upande wa nyembamba, nikiweka alama ya kalamu ya wino kila palipocheza. Shingo ilipendeza sana kwa macho. Alama zilikuwa nyingi.

Unapaka wino juu ya freti zote, unapitisha tupa bapa au msasa uliobandikwa kwenye kipande kilichonyooka, wino unaondoka kwanza kwenye zilizo juu. Unaendelea mpaka wino umeguswa kila mahali, halafu zile zilizobaki bapa juu unazirudishia umbo la duara, maana uzi unatakiwa uguse mstari mwembamba na sio uwanja. Kazi ya kuchosha, haipigwi picha, hakuna atakayeiona.

Nati nayo. Bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, angalia juu ya freti ya kwanza, panatakiwa pabaki mwanya wa kupitisha karatasi kwa shida. Mifereji ya seti nyingi inakuja iko juu, na matokeo yake kodi za chini zinapiga noti zilizopanda hata kama umetyuni vizuri, wewe unadhani tatizo ni mkono wako. Unachimba kidogo kidogo, ukizidisha uzi unaanza kupiga zogo kwenye freti ya kwanza.

Mwisho tyuna, kile kifaa kinachopima noti. Gusa uzi bila kuukandamiza juu kabisa ya freti ya 12, sikiliza, kisha ukandamize pale pale. Zinatakiwa zifanane. Ya kukandamiza ikiwa imepanda, chuma kirudi nyuma, ikiwa imeshuka, kije mbele. Unatyuni upya kila ukisogeza.

Hii sehemu nimeipenda kwa namna tofauti na rangi. Rangi ilikuwa inanisifia. Tyuna ilikuwa inaniambia senti (kipimo kidogo cha noti) mbili juu, senti nne chini, bila kuniangalia usoni.

## Fundi redio asiyejua kupiga

Ila vipimo navyo vina mwisho. Gitaa linaweza kupita vipimo vyote likawa limekufa mkononi.

Nikamkumbuka Leo Fender. Huyu bwana alikuwa fundi redio, Fullerton, California, na gitaa hakujua kupiga. Mwaka 1950 anatoa gitaa la bodi ya mbao iliyokatwa bapa, shingo imefungwa kwa skrubu nne badala ya kugundishwa, ili liundwe haraka na shingo ikiharibika ibadilishwe. (Wale wanaosema seti sio kutengeneza, umefunga skrubu tu, waanze na huyu.) Kwa kuwa hakuwa na vidole vya kujaribia, alikuwa anayapeleka kwa wapigaji, wanayapiga kazini, wanarudi na malalamiko, anarekebisha. Zamani nilikuwa naona kutokujua kupiga ni upungufu wake. Sa hivi nawaza labda ndo ilimwokoa. Hakuwa na namna ya kukaa chumbani peke yake akasema "zuri".

Na kuna wale wa vayolini. Mwaka 2010 kule Indianapolis, Claudia Fritz na mtengeneza vayolini Joseph Curtin waliwakusanya wapigaji 21, wakawavalisha miwani ya kuchomelea ili wasione kitu, wakawapa vayolini sita, tatu mpya na tatu za zamani, mbili kati ya hizo za zamani ni Stradivari, zile za fundi maarufu wa zamani wa Italia. Wengi walichagua mpya, na iliyokataliwa zaidi ilikuwa Stradivari. Miwani ya kuchomelea! Hiyo nikaipenda.

Nikamwita rafiki yangu anayepiga kwenye bendi. Nikachukua gitaa langu la kiwandani la siku zote, nikavalisha yote mawili nyuzi mpya za aina moja, amplifaya moja, hakuna kugusa nobu. Yeye anapiga taa zimezimwa, mi nimegeuka ukutani.

Nilikuwa na uhakika nitalitambua langu kwa noti ya kwanza.

Wapi. Napatia, nakosea, napatia, kama ningerusha shilingi ningepata vile vile. Ile sauti niliyoisifia usiku ule sikuweza kuitofautisha na ya gitaa ambalo nimelilalamikia miaka.

Yeye sasa. Taa zimezimwa, kashika tu shingo, hata hajapiga: "Mzee, hili ndo lako."

Nikamuuliza umejuaje.

"Pembeni linakwaruza huku chini. Ila linanyooka. Lile lingine likifika huku juu linanipigania, hili linaniacha."

## Kipi kilikuwa changu

Nimelizungusha hilo jibu sana, na nadhani ndo lilinitoa kwenye swali.

Nilikuwa nasifia kitu ambacho sikukifanya. Sauti ilikuja kwenye boksi. Pikapu zilikuja zimeshazungushiwa waya, maelfu ya mizunguko ya shaba ya 0.06 mm hivi, na kazi yangu ilikuwa kuunga ncha zake kwenye potensiometa (zile nobu za sauti na toni) za kilo-omu 250, kapasita moja ya toni na jeki ya kuchomekea waya. Ukiunga vizuri inalia, ukiunga vibaya hailii. Hakuna sanaa yangu pale, au ipo ndogo sana.

Kilichokuwa changu ni kile alichokigusa gizani. Zile freti zilizoniuma mgongo, mifereji ya nati, pembe ya shingo, ule unene wa kadi niliosogeza briji nikarudisha nusu. Na ule mkwaruzo wa pembeni pia ni wangu. Mbao ya shingo hewa ikikauka inasinyaa, chuma cha freti hakisinyai, ncha zinachungulia nje, zinatakiwa zikatwe kwa tupa kwa mshazari afu zizungushwe zisikate kidole. Mi nilizipitia upande mmoja vizuri zaidi kuliko mwingine, na kiganja changu kilikuwa kimeshazizoea.

Kwa hiyo ni zuri? Kwa sauti, ni sawa na lile lingine, basi, na hilo nalikubali bila maumivu. Kwa mkono, freti za juu ni zuri kweli, nina shahidi aliyekuwa haoni.

Na bado nikilitazama ukutani ile bluu inaniteka. Sijapona huo ugonjwa na sina mpango.

Jamaa amelichukua analipiga mazoezini. Nimemwambia asinisifie, aniandikie tu linapomsumbua. Jana usiku kaandika: uzi wa pili freti ya 14, ukiuvuta juu noti inakufa. Maana yake kuna freti mbele yake bado imenyanyuka, pengine ya 16 au ya 17, sehemu ambayo kadi ilinipa tik dogo nikaona litapita. Nimemwambia alirudishe Jumamosi, na nyuzi asizikate.